Filamu ya nanofaiba za selulosi kutoka vumbi la mbao ngumu inatoka nyeupe badala ya angavu, tatizo liko wapi?

nyuzinyuzi

Habari zenu wakuu, naomba msaada maana hili jambo limenichosha. Nina vumbi la mbao la mkaratusi, safi, halijachanganyika na la plaiwudi wala MDF, na ninachotaka ni filamu ya nanofaiba za selulosi (nyuzi nyembamba mno, upana wa nanomita chache), ile ambayo ukiiweka juu ya maandishi unayasoma bila shida. Ninachopata ni kitu cheupe. Kigumu kweli, ukikivuta unahisi kina nguvu, ila mwanga haupiti vizuri, pembeni kinajikunja kwenda juu na ukikiinua kwenye taa unaona vipele vidogo vidogo vimetapakaa.

Nilivyofanya ni hivi. Nimechekecha vumbi nikachukua linalopita tundu la nusu milimita, nikatoa utomvu na mafuta kwa mchanganyiko wa ethanoli na asetoni, nikatoa lignini (ile gundi asilia ya mbao) kwa sodiamu kloraiti na asidi ya asetiki digrii 75, nikarudia hadi likawa jeupe pe, halafu potasiamu haidroksaidi (KOH) asilimia 5 usiku kucha, nikaosha hadi pH ikafika 7. Baada ya hapo nikakausha kwenye oveni digrii 105 ili nijue uzito kamili wa selulosi niliyonayo, nikailoweka tena, nikapiga na blenda ya jikoni kwa asilimia 1, nikamimina kwenye sahani ya petri ya kioo na kuirudisha oveni kwenye digrii 60 hadi ikakauka.

Sasa swali, je ni lignini imebaki? Ni blenda haina nguvu? Au mbao ngumu kwa asili yake haifai na nitafute msonobari? Kuna mtu kaniambia bila TEMPO (kichocheo cha kuoksidisha uso wa selulosi) nisahau kabisa habari ya filamu angavu, sijui kama ni kweli.

---

Mzee wa Pulpi

Mkuu, kabla hujagusa kitu kingine chochote, hiyo oveni ya digrii 105 katikati ya kazi ndo imekumaliza. Blenda tutaijadili, TEMPO tutaijadili, ila ukishakausha selulosi safi hadi mwisho umeshafunga mlango kwa mkono wako halafu unauliza kwa nini haufunguki.

Iko hivi. Ndani ya ukuta wa seli ya mti kuna vijinyuzi vyembamba sana vya selulosi, kila kimoja upana wa nanomita 3 hadi 4 hivi, vimelala kwa mafungu. Katikati yake kuna hemiselulosi, ndugu mfupi wa selulosi, na lignini zinazovitenganisha. Wewe umezitoa lignini zote na hemiselulosi nyingi kwa hiyo palipokuwa na hizo vitu sasa hivi pamejaa maji tu. Ukipeleka oveni maji yanaondoka na yanapoondoka yanavivuta vile vijinyuzi vikaribiane hadi vinagusana uso kwa uso, hapo vinashikana kwa bondi za haidrojeni na ukiloweka tena maji hayaingii kote yalikokuwa. Watu wa karatasi wanaijua hii shida miaka mingi, karatasi iliyorudiwa kutengenezwa mara kadhaa nyuzi zake hazivimbi kama mwanzo, sababu ni hiyo hiyo.

Kuna kazi ya Abe, Iwamoto na Yano wa Chuo Kikuu cha Kyoto, 2007, walianza na unga wa mbao kama wewe, wakatoa lignini kwa kloraiti, hemiselulosi kwa KOH, lakini wakahakikisha muda wote mali iko mbichi, haikauki hata kidogo, wakapitisha kwenye grinda ya mawe mara moja tu, MARA MOJA, wakapata nanofaiba zenye upana wa karibu nanomita 15 zilizolingana vizuri. Unaona tofauti? Mashine kubwa ilisaidia ndio ila siri ilikuwa kwenye ubichi.

Ukitaka kujua uzito mkavu usikaushe mzigo wote. Kamua vizuri, changanya, chota gramu mbili tatu weka kwenye kijisahani cha foili, hizo peke yake ndo zinaenda 105 hadi uzito usibadilike, ukigawa unapata asilimia ya ukavu ya mzigo wote. Hiyo sampuli tupa. Mzigo uliobaki weka kwenye mfuko uliofungwa, friji, sio friza, maana barafu nayo inasukuma nyuzi pamoja.

Na habari ya mbao ngumu kutofaa futa kichwani. Faiba za mbao ngumu ni fupi, milimita moja hivi, za msonobari zinafika 3, kwa mtu wa karatasi hiyo ni hoja. Kwako wewe unayeshuka hadi nanomita urefu wa faiba nzima unakuhusu nini. Tena mbao ngumu ina lignini kidogo, asilimia 18 hadi 25 hivi wakati laini inaenda 25 hadi 35, na lignini yake inatoka kirahisi zaidi.

---

nyuzinyuzi

Asante sana Mzee, hapo nimekuelewa ila kuna kitu kinanikwaza. Hilo vumbi lenyewe limetoka kwenye mbao iliyokaushwa, na mimi nalianika tena kabla ya kulichekecha. Kama ni kukauka si limeshakauka tangu mwanzo? Mbona hapo haidhuru?

---

Mzee wa Pulpi

Swali zuri. Likikauka likiwa bado mbao, lignini na hemiselulosi bado zimekaa katikati, vijinyuzi haviwezi kugusana kwa hiyo havishikani. Hatari inaanza pale unapozitoa. Ndo maana pia pulpi (nyuzi za mbao zilizotolewa lignini) ambayo hemiselulosi zake zimebaki inavumilia kukaushwa kuliko iliyosafishwa kupita kiasi, hao hao wa Kyoto walilionyesha hilo 2008. Kwa hiyo anika vumbi upendavyo, ila tangu kloraiti ya kwanza iingie hadi filamu yenyewe, maji yasitoke.

---

Bi_Kemia

Mimi nina neno kwenye upande wa dawa maana naona watu wanaandika kloraiti kama wanaandika chumvi.

Kwanza usalama, samahani kama unajua tayari lakini wapo wanaosoma kimyakimya. Sodiamu kloraiti ikikutana na asidi inatoa klorini daioksaidi, gesi ya kijani-njano, sumu, na ikijikusanya hewani kwa wingi inalipuka. Kazi hiyo ni ndani ya kabati la kufyonza gesi la maabara, chupa usiizibe kwa kizibo kigumu, ifunike kwa kichupa kilichogeuzwa gesi ipate pa kupumulia. Kloraiti kavu isikae karibu na vumbi la mbao kavu, ikimwagikia vumbi na kukauka msuguano tu unaweza kuwasha moto. Na hilo vumbi lenyewe usilivute, vumbi la mbao limewekwa na shirika la utafiti wa saratani, IARC, kundi la kwanza la visababishi vya saratani, barakoa vaa wakati wa kuchekecha. Asiye na maabara asijaribu njia hii jikoni, nasema wazi.

Pili, hilo neno "jeupe pe" limenishtua. Njia ya Wise ya 1946 ambayo ndo nafikiri unaifuata, kwa gramu 5 za vumbi ni maji mililita 160 hivi, kloraiti gramu moja na nusu, asidi ya asetiki nusu mililita, digrii 70 hadi 80, saa moja, halafu unaongeza dawa tena kiasi kile kile bila kumwaga, unarudia. Mara tatu hadi tano inatosha kwa mbao ngumu nyingi. Ukiendelea kwa sababu tu bado unaona rangi ya krimu kidogo, unachokula sasa sio lignini tena, ni hemiselulosi na selulosi yenyewe, minyororo inakatika na filamu inakuja kuwa dhaifu. Asilimia chache za lignini zikibaki haidhuru kitu.

Hemiselulosi nazo usizichukie. Mbao ngumu ina zailani (aina ya hemiselulosi) nyingi na zailani hizo zina vikundi vya kaboksili, yaani zina chaji hasi, zinakaa juu ya vijinyuzi na kuvifanya visukumane. Ukipunguza KOH, tuseme asilimia 4 kwa saa mbili badala ya usiku kucha, unabaki nazo nyingi na kuchambua nyuzi kunakuwa rahisi kabisa hata kwa kifaa dhaifu. Filamu itavuta unyevu zaidi kidogo, hiyo ndo bei yake. Na kwa upande wa pili usije ukasikia mtu anasema ongeza alkali hadi asilimia 15 au 17, huko selulosi inaanza kubadilika umbo la fuwele kutoka selulosi I kwenda selulosi II na harudi mtu. Asilimia 17.5 ni ya kupima alfa-selulosi (selulosi isiyoyeyuka kwenye alkali), sio ya kutengenezea nanofaiba.

Tatu, kama kloraiti inakutisha, asidi ya perasetiki nayo inafanya kazi, asilimia 4 kama hivi, pH ikiwa imerekebishwa iwe karibu 5, digrii 80 na kitu. Inatoa lignini kwa upole na hemiselulosi zinabaki karibu zote. Ila ikiwa kali inalipuka nayo, kwa hiyo hakuna dawa isiyo na masharti. Wala usikimbilie jiki kwenye vumbi ghafi ukidhani unafupisha njia. Haipokloraiti, yaani dawa iliyomo kwenye jiki, inakatakata selulosi, na jiki ikikutana na asidi inatoa klorini.

---

blenda_na_mimi

mzee kaongea vizuri ila naona blenda inaonewa. Uetani na Yano mwaka 2011 walitumia blenda ya kasi, pulpi ya mbao ambayo haijawahi kukauka, asilimia 0.7, mizunguko 37,000 kwa dakika, nusu saa, na nyuzi zikafika nanomita 15 hadi 20 kama za grinda na tena zilikuwa hazijaumizwa sana. kwa hiyo blenda sio uchawi wala sio takataka, shida ni kwamba ya jikoni ikiwa na mzigo ndani haifiki huko hata kama kwenye boksi wameandika namba kubwa

mimi natumia ya jikoni yenye nguvu na ninachoangalia ni hivi. usipige asilimia 1, punguza hadi 0.5 au 0.7 maana ikianza kuwa jeli inazunguka pale katikati tu halafu pembeni imesimama haisogei, unadhani unapiga kumbe unapiga kikombe kimoja hicho hicho, ukisikia sauti ya mota imepanda ghafla ujue kisu kinazunguka kwenye shimo la hewa, zima, koroga kwa mwiko, endelea. piga dakika chache pumzisha, maana jagi linapata moto hadi mvuke unatoka na mpira wa chini ya kisu unaanza kutoa vumbi jeusi linaingia kwenye nyuzi zako na hilo halitoki tena

kujua kama imetosha usiangalie kwa macho kwenye jagi, kila kitu kinaonekana kizuri kwenye jagi. chukua kidogo punguza hadi asilimia 0.1 kwenye tyubu ndefu ya kioo acha hadi kesho. kama chini kuna tabaka jeupe na juu maji safi bado una faiba nzima nzima, kama yote imebaki na ukungu mmoja juu hadi chini bila mstari basi umefika au umekaribia. ukiwa na hadubini ya kawaida weka tone, ukiona vijiti virefu vya wazi hizo ni faiba ambazo hazijafunguka na ndo hizo zinakupa weupe, nanofaiba yenyewe hadubini ya mwanga haiwezi kuionyesha moja moja

ukiwa na sentrifyuji rahisi zaidi, zungusha, mwaga zilizotua chini, tumia za juu. unapoteza mali ila filamu inakuwa nyingine kabisa

---

seremala_msomi

Naomba nirudi kwenye swali la kwa nini ni nyeupe, maana wote mnasema nyuzi nene nyuzi nene bila kusema kwa nini unene unaleta weupe.

Selulosi yenyewe haina rangi. Weupe ni mwanga unaotawanywa, na mwanga unatawanywa kila unapotoka kwenye selulosi kuingia kwenye hewa. Selulosi inapinda mwanga kwa kipimo cha 1.55 hivi, hewa ni 1, tofauti hiyo ni kubwa. Mwanga tunaouona una mawimbi ya nanomita 400 hadi 700, sasa nyuzi na matundu yakiwa yanakaribia ukubwa huo mwanga unagongwa kila upande. Nyuzi zikiwa nanomita 15 na zimelala zimebanana bila hewa kati yake, mwanga hauzioni unapita tu. Kwa hiyo maadui ni watatu, mafungu ya nyuzi yasiyofunguka, matundu ya hewa ndani, na uso usio laini. Huyo wa tatu watu wanamsahau sana. Nogi na wenzake pale Kyoto 2009 walipata filamu isiyoonyesha vizuri, wakaisugua uso kwa msasa laini hadi ikawa tambarare na mwanga uliopita kwenye nanomita 600 ukafika kama asilimia 71. Msasa tu jamani.

Kuna jaribio la sekunde kumi unaweza kulifanya sasa hivi na hiyo filamu yako nyeupe. Dondoshea tone la mafuta ya parafini, lipake kidogo pande zote mbili. Mahali palipopakwa pakiwa angavu ghafla ujue tatizo lako ni uso na matundu yaliyo wazi, mafuta yameyajaza. Pakibaki na ukungu pamoja na vile vipele, tatizo limo ndani, mapovu au mafungu. Utajua uhangaike na ukaushaji au urudi kwenye blenda.

Kukausha sasa. Digrii 60 kwenye sahani ya kioo iliyo wazi, hapana. Ukingo unakauka kwanza, unashika kioo, katikati bado kuna maji, ikija kusinyaa inavuta ukingo na ndo hiyo mikunjo. Tumia sahani ya plastiki ya polistireni, selulosi haiishiki kama inavyoshika kioo, ikikauka inabanduka yenyewe. Weka kwenye meza uliyoipima kwa pimamaji, funika kifuniko ukiacha upenyo mdogo, joto la chumba au lisizidi 40, na uwe mvumilivu. Inachukua siku kadhaa.

Na piga hesabu kabla ya kumimina usibahatishe. Sahani ya kipenyo cha sentimita 9 ina eneo la sentimita za mraba 63 na kitu. Unataka filamu ya maikromita 30, msongamano wa filamu nzuri tuseme 1.4, unahitaji nyuzi kavu gramu 0.27. Kwa asilimia 0.5 hiyo ni gramu 53 au 54 za mchanganyiko, kina cha milimita 8 na nusu, inaingia. Ukisema utumie asilimia 0.2 ili iwe nyepesi unahitaji zaidi ya gramu 130, kina kinapita sentimita 2, sahani ya kawaida inafurika. Watu wengi wanakwama hapo, wanamimina kidogo kisa sahani imejaa, wanapata kitu chembamba kinachochanika wakibandua halafu wanalaumu nyuzi.

Mapovu nayo yatoe kabla. Kwenye asilimia 1 ile ni jeli tayari, povu likiingia halipandi juu, limekwama hapo milele, na hivyo vipele vyako nahisi nusu yake ni hayo. Punguza, weka kwenye chupa ya vakyumu huku unakoroga polepole hadi yaishe.

Kama una pampu, njia ya kuchuja ni ya haraka na filamu inalingana unene. Asilimia 0.2, membreni yenye matundu ya maikromita 0.65 au chini, unavuta hadi maji yaliyo juu yaishe, unabaki na keki mbichi, unaibana katikati ya membreni na karatasi za kunyonya chini ya uzito, digrii 55 siku mbili. Usiibane moja kwa moja na wavu wa chuma, alama za wavu zinabaki kwenye uso na tumeshasema uso ni adui.

---

nyuzinyuzi

Wakuu nimefanya hilo jaribio la parafini. Sehemu niliyopaka imekuwa angavu kiasi, naweza kuona mistari ya daftari chini yake, lakini vipele vimebaki vile vile na kuna vitu kama vinyuzi vyeupe vifupi vinaonekana vizuri zaidi kuliko mwanzo. Kwa hiyo ni yote mawili?

Halafu Bi Kemia umenigusa, kweli niliendelea kuongeza kloraiti kwa sababu ya rangi. Na je, huu mzigo uliokauka ambao bado ninao mwingi niutupe au kuna namna? Na mbona hakuna aliyejibu habari ya TEMPO.

---

Mzee wa Pulpi

Ndio ni yote mawili, hivyo vinyuzi vifupi ni faiba zilizoshikana ambazo blenda haikuzifungua, parafini imeondoa ukungu uliokuwa unazificha. Usitupe mzigo. Anayefuata atakujibu, namuona anaandika.

---

Kaboksili

Nipo mzee 😄

TEMPO. Isogai na Saito wa Chuo Kikuu cha Tokyo ndo waliifikisha kwenye nanofaiba, makala yao ya mwanzo ya 2006, na mwaka 2015 wakapewa tuzo ya Marcus Wallenberg, ya utafiti wa misitu, pamoja na mtafiti mwenzao Nishiyama. Inachofanya ni kubadilisha sehemu ya vikundi vya haidroksili kwenye uso wa vijinyuzi kuwa kaboksileti, hivyo kila kijinyuzi kinabeba chaji hasi, vinasukumana, na hapo hata blenda ya kawaida inavitenganisha hadi kimoja kimoja, nanomita 3 hadi 4. Ndo maana huyo aliyekuambia bila TEMPO sahau hajakosea sana ila katia chumvi. Bila TEMPO unapata angavu yenye ukungu kidogo, kwa TEMPO unapata kama kioo. Filamu za maikromita 20 walizopima Fukuzumi na wenzake 2009, ya mbao laini ilipitisha asilimia 90 kwenye nanomita 600 na ya mbao ngumu 78, kwa hiyo usije ukajilaumu mkaratusi wako usipofika 90.

Kwa gramu moja ya selulosi, maji mililita 100, TEMPO gramu 0.016, sodiamu bromaidi gramu 0.1, halafu haipokloraiti milimoli 5 hadi 10. Ukitumia iliyo asilimia 5 hiyo ni mililita 7 na nusu hadi 15, ila ipime kwanza kwa taitresheni maana ikikaa inapoteza nguvu, na chukua isiyo na manukato wala sabuni. Ipeleke pH 10 kabla hujaimimina, imimine taratibu, halafu ushikilie pH 10 kwa kudondosha sodiamu haidroksaidi (NaOH) ya 0.5 M. Hapo usiondoke. pH inashuka yenyewe kadiri asidi inavyotengenezwa, unadondosha, inashuka, unadondosha, mpaka ifike mahali imetulia haishuki tena, ujue imekwisha. Weka ethanoli kidogo kuua kilichobaki, osha.

Kuosha ndo watu wanazembea. Chumvi ikibaki inafunika zile chaji, nyuzi hazisukumani tena na blenda inapiga bure. Mwanzoni maji yanapita kwenye kitambaa haraka, kadiri chumvi inavyoisha mali inavimba na maji yanakuwa hayapiti, ukiona imeanza kugoma kuchujika hiyo ni dalili nzuri, usikasirike. Na usiitie asidi, ikiwa asidi inagandana.

Kwa mzigo wako uliokauka, utumie kwa hili. Pulpi za viwandani nyingi zinauzwa zimekaushwa na watu wanazioksidishia hivyo hivyo, loweka usiku mzima, ipige blenda kidogo ifunguke ndo uanze. Hutapata kama ya mbichi, kuna sehemu haitafunguka, itoe kwa sentrifyuji. Ila vumbi jipya ukianza usikaushe.

Ubaya wake ni kwamba filamu ya TEMPO ikiwa na sodiamu inapenda maji mno, ukiiacha kwenye unyevu inalegea. Kwa kuzuia oksijeni ikiwa kavu ni bora sana, tabaka jembamba juu ya filamu ya plastiki ya PLA lilishusha upitishaji wa oksijeni hadi 1/750 hivi, kazi hiyo hiyo ya 2009. Kwenye unyevu mkubwa sifa hiyo inapungua sana.

---

kahawia_pia_rangi

Naona wote mnakimbizana na uangavu, samahani nitoke nje kidogo. Kwani filamu ni ya nini? Kama ni ya dirisha la kifaa cha umeme sawa, ila kama ni ya kufungashia vitu mbona unatumia dawa zote hizo kuondoa lignini halafu unalia filamu inanyonya maji? Lignini inachukia maji kuliko selulosi. Wapo wanaoiacha kwa makusudi, wanapata nanofaiba zenye lignini, filamu inakuwa ya kahawia, tone la maji halisambai juu yake haraka kama kwenye nyeupe, na wakati wa kubana kwa joto lignini inalainika na kujaza matundu. Inazuia pia miale ya UV. Mavuno nayo ni makubwa, wewe kwenye gramu 100 za vumbi utabaki na 40 hadi 50 baada ya kloraiti na alkali, na maji machafu ya klorini unayamwaga wapi?

---

seremala_msomi

Hoja ipo ila vumbi ambalo halijaguswa halipasuki kuwa nano kirahisi, lignini imeshikilia kila kitu. Grinda inakula umeme wa kutisha. Hata pulpi iliyosafishwa isiyotibiwa, kwenye homojenaiza (mashine ya kupasua nyuzi kwa shinikizo kubwa) zimewahi kuripotiwa zaidi ya kilowati-saa 20,000 kwa tani, ndo maana wale wa kampuni ya Rayonier walipoanzisha hii habari ya kupasua nyuzi, wakaichapisha 1983, iliishia kabatini miaka mingi. Ukitaka kubaki na lignini angalau punguza kiasi, raundi moja ya kloraiti au alkali yenye peroksaidi, halafu piga.

---

kahawia_pia_rangi

Hapo nakubali, sikumaanisha vumbi ghafi. Raundi moja inatosha kulegeza.

---

nyuzinyuzi

Nimewasoma wote. Nataka ya kufunikia sensa ndogo ya mwanga ndo maana nang'ang'ania uangavu, kahawia haitanifaa. Naanza upya na vumbi jipya, kloraiti raundi nne, KOH asilimia 4 saa mbili, sikaushi, na ule mzigo wa zamani naupeleka TEMPO. Swali la mwisho, kwa ile isiyo ya TEMPO naweza kutia glisirini isiwe inavunjika nikiikunja?

---

Bi_Kemia

Usitie kwanza. Filamu ya nanofaiba nzuri haihitaji, Henriksson na wenzake 2008 walipima nguvu ya kuvutwa ya megapaskali 214 na iliweza kuvutika vizuri kabla ya kukatika, bila kilainishi chochote. Kama yako inavunjika ukiikunja basi minyororo imekatika kwenye kloraiti au nyuzi hazijafunguka, glisirini itakuficha hilo na kukuletea unyevu kwenye sensa. Na ukishaosha KOH usimalizie kwa ethanoli ukidhani inakausha haraka, filamu iliyokaushwa kutoka kwenye ethanoli inabaki na vinyweleo vingi na utarudi hapa kuuliza kwa nini ni nyeupe.

---

blenda_na_mimi

na ukipiga weka barafu nje ya jagi, sio ndani